Sauti Isiyo na Sura

Maandishi hayamfai asiyejua kusoma. Neno hili ni la zamani, na kila mtoto wa shule analifahamu, walakini ni wachache wanaokumbuka kwamba linazihusu mashine pia. Barua iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na mzee wa Lamu haikufutika siku wajukuu zake walipojifunza herufi za Kirumi na kuziacha zile za babu yao. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule, na maneno yamelala pale pale yalipolazwa. Kilichotoweka ni msomaji. Picha na sauti tunazozihifadhi majumbani siku hizi zina hali hiyo hiyo. Mtu huamka asubuhi akaona kumbukumbu zake hazionekani, akalia kwamba zimekufa, kumbe zi hai. Aliyegeuka ni msomaji wao, na amegeuka usiku watu wakiwa wamelala.

Msomaji ninayetaka kumsimulia hapa ni king'amuzi cha televisheni kilichokuwa katika nyumba ya mama yangu, Kangemi, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Umbo lake halikuzidi kitabu kikubwa cha hesabu. Kilikaa juu ya kabati chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa mama aliweka chombo cha maua ambacho mara kwa mara tulimwomba akiondoe ili mashine ipate hewa.

Yafaa nieleze kwa nini nyumba za watu wa kawaida zilipata kuwa na kitu hicho. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi ilisafiri hewani kwa namna moja tu: mawimbi yalipanda na kushuka kwa kufuata mwanga na kiza cha picha yenyewe. Aliyekuwa na televisheni na antena juu ya bati hakuhitaji kingine. Mwaka 2006 mataifa mengi yalikutana Geneva yakaafikiana kuiacha njia hiyo, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa siku ya mwisho. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, wakati wa Rais Mwai Kibaki, na Februari 2015 mitambo ya zamani ikazimwa Nairobi. Waliokuwa mjini hawajayasahau majuma yale. Palikuwa na ugomvi mkubwa kati ya vituo vikubwa vya binafsi na serikali juu ya mitambo na haki ya kurusha matangazo, na vituo hivyo vikatoweka hewani kwa zaidi ya majuma mawili. Jioni zikawa kimya katika nyumba nyingi, na watu wakazoea kusikiliza habari kwa redio kama walivyofanya baba zao.

Katika njia hii mpya picha hugeuzwa kuwa hesabu, na hesabu ndizo zinazosafiri. King'amuzi huzipokea, huzisoma, na kuzirudisha kuwa picha. Kwa hiyo usikidhani kuwa sanduku la waya. Ni kompyuta ndogo, nayo kama kompyuta zote huongozwa na programu. Programu hiyo imeandikwa katika kumbukumbu ya ndani isiyofutika umeme unapokatika. Wenye kukitengeneza wakiona kosa katika programu yao, au wakitaka kuongeza jambo, huandika nyingine na kuituma hewani katika mawimbi yale yale yaletayo mpira na taarifa ya habari. King'amuzi huinasa, aghalabu usiku wa manane, hufuta ya zamani, huandika mpya mahali pake, kisha hujizima na kujiwasha kama mtu aliyebadili nguo. Mwenye nyumba haulizwi, au akiulizwa hujibu upesi kwa sababu anataka kutazama kipindi.

Ubavuni mwa king'amuzi cha mama palikuwa na tundu la USB. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amechomeka humo diski ndogo ya nje, na kwa kubonyeza kitufe chekundu cha rimoti kipindi chochote kiliweza kurekodiwa. Diski hiyo ilijaa mahubiri, michezo ya kuigiza na mechi ambazo hakuna aliyezitazama mara ya pili. Lakini ndani yake palikuwa na dakika 11 za baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani katika soko la Kangemi. Mwaka 2016 watu wa televisheni walipita viungani wakipiga picha za mafundi wa mikono, wakamkuta mbele ya cherehani yake ya Singer, wakamhoji. Kipindi kilionyeshwa Jumapili jioni, na mpwa wangu, asiyejua saa hasa ya kuonyeshwa kwake, aliiacha mashine irekodi tangu saa kumi na moja hadi saa tatu. Baba alieleza jinsi alivyokuja mjini akiwa kijana, na jinsi wateja wanavyoleta kitambaa cha harusi usiku wa kuamkia harusi. Kabla ya kujibu kila swali alicheka kicheko chake kifupi cha puani ambacho sisi watoto tulikuwa tukikiiga nyuma ya mlango. Alifariki mwaka 2017. Picha zake za karatasi tunazo nyingi, amesimama wima kwa suti katika kila moja kama mtu anayesubiri hukumu. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani ila katika diski ile. Kila Jumapili baada ya chakula cha jioni mama alimtazama, kisha akazima, akaenda kulala.

Asubuhi moja mwaka 2018 mama alinipigia simu. Aliniamkua mwenyewe kabla sijamwamkua, jambo ambalo si desturi yake, kisha akasema, "Mwanangu, mashine inaniuliza swali, nami sijalijibu."

Nilikuwa nikikaa Kawangware, si mbali. Nilipofika nilikuta maandishi ya Kiingereza katikati ya kioo, yaliyosema, kwa maana yake, kwamba diski haifai kurekodia, na je, iandaliwe upya? Chini yake palikuwa na majibu mawili, Ndiyo na Hapana, na lile la Ndiyo lilikuwa limekwisha kuwekewa rangi ya manjano, yaani lilingoja kidole tu. Jirani mmoja aliyekuja kusaidia alikuwa amemwambia mama abonyeze, maana mashine ikikuuliza jambo ni kwa sababu inajua kuliko wewe. Mama alikataa. Alisema hajibu swali asilolielewa, hata likiulizwa kwa adabu.

Hebu tulitazame swali hilo, kwa kuwa wengi hulijibu bila kulitafakari. Kuiandaa diski upya, au kuifomati kama wasemavyo mafundi, ni kuifuta orodha ya yaliyomo na kuandika nyingine tupu mahali pake. Ni kama kuchana kurasa za mwanzo za kitabu zinazoonyesha sura zote, kisha kukiandika jaladani kwamba ni daftari jipya. Maneno ya zamani huwa bado yamo kwa muda, na mtaalamu akiwahi huweza kuyaokoa kwa taabu. Lakini mashine huamini jalada, na rekodi ya kwanza utakayoifanya baadaye huandikwa juu yao. Ajabu yake ni kwamba swali halisemi lolote katika hayo. Halisemi "kila kitu kitapotea" kwa herufi kubwa, wala halitaji baba wa mtu. Linasema diski haifai. Haifai kwa nani?

Wala tusidhani ni watu wa vijijini na mitaa ya mabati tu waliokubali kufuta kwa sababu ya kutaka nafasi. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, katika miaka ya 1960 na 1970 lilifuta kanda nyingi za vipindi vyake ili zitumike tena, maana kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani watu watataka kuona kipindi kilichokwisha onyeshwa. Leo watu husaka vipindi hivyo dunia nzima katika maghala na mikusanyo ya watu binafsi. Hata wale waliowapeleka watu mwezini Julai 1969 walitafuta baadaye kanda za asili zilizopokea picha za usiku ule, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba yaelekea zilifutwa ili zitumike kwa kazi nyingine. Tunazo picha za mwezini, naam, lakini ni nakala zilizopita katika televisheni za wakati ule, hafifu kuliko zile za kwanza. Kila mmoja wa wafutaji hao alikuwa mtu mwenye akili, akitimiza wajibu wake, na bila shaka mbele yake palikuwa na fomu yenye nafasi ya kutia sahihi.

Nilibonyeza Hapana. Maandishi yakatoweka, na mahali pa orodha ya rekodi pakawa peupe, kana kwamba hatujawahi kurekodi chochote tangu tununue mashine.

Tuliofundishwa sayansi shuleni tuliambiwa kwamba anayetafuta sababu hubadilisha jambo moja tu na kuyaacha mengine yote kama yalivyo. Katika maabara kanuni hiyo ni rahisi. Nyumbani, penye watu wanne kila mmoja na shauri lake, ni ngumu kuliko kuinua gunia. Mmoja alitaka tubadilishe waya, mwingine tubadilishe televisheni, jirani yetu akashauri tutikise diski. Niliomba tuanze na kile kilichokuwa kizima. Tuliichomoa diski tukatazama vituo vya kawaida: vyote vilionekana vyema, sauti na picha. Basi televisheni haina kosa, waya hauna kosa, na antena juu ya bati haina kosa, na tusipoteze muda navyo.

Kisha tulikizima king'amuzi. Hapa wengi hubonyeza rimoti na kudhani wamezima, lakini rimoti hukilaza tu usingizini, na kila alichokishika mkononi hulala nacho. Tuliichomoa plagi ukutani, tukanywa chai, tukairudisha baada ya dakika kumi. Dawa hiyo ni ya bure na huponya maradhi mengi kuliko mafundi wapendavyo kukiri, lakini siku ile haikuponya. Diski iliporudishwa, swali likarudi pamoja nayo, na rangi ya manjano juu ya Ndiyo.

Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, akaleta flashi yake tupu. Tukaichomeka, tukarekodi dakika tano za matangazo ya biashara, tukazirudia: picha safi, sauti safi. Kwa hiyo mashine ilikuwa bado inajua kurekodi na bado inajua kusoma ilichokiandika yenyewe. Tulipofungua ukurasa wa habari za mfumo tukaona namba ya toleo la programu, na kando yake tarehe isiyotimiza majuma mawili. Mama akakumbuka kwamba usiku mmoja juma lililopita aliamka akaona taa ya king'amuzi inamwekamweka ilhali televisheni imezimwa, akadhani ni umeme wa Kangemi na tabia zake.

Palibaki mlango mmoja. Katika king'amuzi kile mlikuwa na ukurasa mwingine, wa kuchezea nyimbo na picha zilizoletwa kutoka kwingine, ambao hausomi orodha ya rekodi bali huonyesha faili zenyewe jinsi zilivyo. Tuliuingia. Yakatokea majina marefu ya herufi na tarakimu, na kati yake tarehe ya Jumapili ile ya mwaka 2016. Faili lilikuwapo, na uzito wake ulionyeshwa. Mpwa wangu alilisogeza mbele polepole, akatafuta mahali, akabonyeza.

Kioo kilibaki cheusi. Kisha katika weusi huo baba akacheka.

Alicheka kile kicheko chake cha puani, akaanza kueleza habari za bwana harusi aliyekuja kuchukua suti akakuta mikono haijashonwa. Sauti ilikuwa wazi kabisa, hata mlio wa cherehani ya jirani yake sokoni ulisikika. Lakini sura hapana, wala kivuli. Hakuna aliyesema neno mpaka alipomaliza. Mama aliweka kikombe chini. "Yumo ndani," alisema. "Nyinyi mtafuteni mlango."

Nimewahi kusikia watu wakieleza mambo ya mashine kama kwamba ni mambo ya chuma na plastiki, yasiyostahili machozi ya mtu mzima. Siwezi kubishana nao. Lakini nadhani kusikia sauti bila sura ni taabu kuliko kutosikia kitu, kwa sababu kimya humwachia mtu nafasi ya kukata tamaa, na tamaa ikikatika mtu hulala.

Siku ya pili mpwa wangu ndiye aliyeleta shauri lililotufaa. "Mjomba," alisema, "tumejaribu diski mbili katika mashine moja. Hatujajaribu diski moja katika mashine mbili." Shangazi yetu wa Uthiru, mbele kidogo ya Kangemi katika barabara ya Waiyaki, alikuwa na king'amuzi cha aina ile ile, tulivyonunuliwa siku moja. Naye alikuwa amekwenda mashambani mwezi mzima, nyumba yake imefungwa na plagi zote zimechomolewa. Maana yake, king'amuzi chake hakikuwa kimepokea kitu chochote usiku ule. Alitupa ufunguo siku aliyorudi, kabla hajawasha chochote.

Kabla ya kuwasha, kijana yule alifanya jambo lililonipendeza sana. Aliuchomoa waya wa antena nyuma ya king'amuzi. Shangazi alishangaa, maana televisheni bila antena yaonyesha nini? Lakini programu mpya huja hewani. Mashine isiyo na antena haiwezi kuisikia, na hivyo msomaji wetu wa zamani angebaki wa zamani kwa muda tuliomhitaji. Tuliwasha. Tukafungua habari za mfumo: tarakimu za mwisho za toleo zilikuwa ndogo kuliko za Kangemi. Tukachomeka diski. Swali halikuja. Orodha ya rekodi ikajitokeza yote, mahubiri na mechi kwa utaratibu wake, na baba akaonekana ameketi mbele ya cherehani, shingoni amevaa ule utepe wake wa kupimia. Shangazi, ambaye ni dada yake, alivua miwani akaifuta.

Sasa tulijua. Diski ilikuwa nzima, rekodi ilikuwa nzima, na mashine ya mama haikuharibika kwa maana ya kuharibika. Imepewa programu isiyojua kusoma hati ya mtangulizi wake. Lakini kujua si kupata. King'amuzi cha shangazi kisingekaa bila antena milele kwa ajili yetu, na siku kitakaporudishiwa waya kingesahau nacho.

Tulichukua matatu kwenda mjini, tukipita Westlands na Museum Hill, mpaka barabara ya Luthuli. Barabara hii fupi kati ya Tom Mboya na River Road ina jina la Albert Luthuli, kiongozi wa Afrika Kusini aliyepewa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, lakini mtu wa Nairobi akiitaja huwa anawaza redio, spika, nyaya na ving'amuzi. Mwaka 2019 ilitengenezwa upya ikapanuliwa nafasi ya waendao kwa miguu. Siku tuliyokwenda sisi ilikuwa bado ile ya zamani, magari na mikokoteni na watu katika njia moja, na spika za kila duka zikishindana kwa nyimbo tofauti.

Fundi wa kwanza alikitazama king'amuzi, akakisikiliza kisa chetu nusu, akasema mambo mawili yanawezekana: aiandae diski upya, au airudishie mashine programu ya zamani. La kwanza tulikwisha kulikataa. La pili linafaa wakati mwingine, lakini lina hatari yake. Programu ikiandikwa katika kumbukumbu ya ndani, ile ya kwanza imekwisha futwa na ya pili haijakamilika. Umeme ukikatika katikati, mashine haina hata maneno ya kujiamshia, na huwa tofali. Tena programu iliyoandikwa kwa toleo fulani la mashine huenda isilingane na toleo jingine ingawa sanduku ni sawa. Tulimshukuru, tukaondoka.

Ghorofani, katika chumba kidogo chenye kompyuta mbili, tulimpata binti mmoja ambaye hakukigusa king'amuzi hata kidogo. Aliomba diski. "Kwanza tunakili," alisema, "kisha ndio tuulize maswali." Alinakili kila kitu katika diski nyingine, akaiweka ile ya asili mezani mbele ya macho yetu, akafanya kazi kwa nakala. Mara alipoliona faili la Jumapili ile aliuliza kipande cha pili kiko wapi. Akatueleza kwamba diski yetu ilipangwa kwa mtindo uitwao FAT32, usiokubali faili moja kufikia gigabaiti 4, hivyo rekodi ya saa nne ilikatwa vipande viwili na mashine yenyewe. Kipande cha pili kilikuwapo chini, jina lake likitofautiana na la kwanza kwa tarakimu moja. Mtu ambaye angenakili lile faili moja alilolijua angerudi nyumbani na baba aliyekatwa maneno mdomoni.

Alifungua nakala kwa programu ya kompyuta ya kuchezea vidio, na picha ikaja papo hapo.

Alipoona tunashangaa alitueleza kwa subira, nami nayaandika maelezo yake kwa ajili ya wale watakaopenda kusomea kazi hiyo. Matangazo ya dijitali, alisema, husafiri kama garimoshi lisilo na mwisho lenye mabehewa yaliyo sawa yote. Kila behewa ni baiti 188, na baiti ya kwanza ya kila behewa ni alama moja isiyobadilika, ili msomaji ajue behewa limeanzia wapi. Baada ya alama huja namba. Behewa lenye namba hii limebeba picha, lenye namba ile limebeba sauti, nayo yamechanganyika njiani, ya picha mengi na ya sauti machache. Kila baada ya muda mfupi hupita behewa lenye waraka unaosema: katika kipindi hiki, picha ina namba fulani na sauti ina namba fulani. King'amuzi kinaporekodi humwaga mabehewa hayo diskini kama yalivyokuja, na pembeni huandika orodha yake cha kukumbukia. Programu mpya haikuitambua orodha ya zamani, ndipo ikadai kwamba diski haifai. Tulipoingia kwa mlango wa nyuma iliyapata mabehewa ya sauti, ikashindwa kuyafungua yale ya picha. Kompyuta haikuitegemea orodha. Ilisoma waraka wa njiani, ikafungua yote.

Akaongeza kwamba tulikuwa na bahati. Kituo kile kilikuwa cha bure, na mabehewa yake hayakufungwa kwa kufuli. Rekodi za vituo vya kulipia hufungwa, na ufunguo huwa ndani ya king'amuzi kile kile kilichorekodi. Ukiipeleka diski kwingine, hata kwa fundi aliye bora, ni mchanga mtupu. Akiba haiozi, wamesema wahenga, lakini wahenga waliweka akiba katika vyungu vilivyofunguka kwa mkono wa yeyote. Kanda za VHS, zilizotoka Japani mwaka 1976, zilikuwa na uungwana huo: zilikwaruza na kufifia, lakini mashine ya kila nyumba ilizisoma.

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi. Binti aliviunganisha vipande viwili, akachukua zile dakika 11, akazihamisha kutoka katika mabehewa yale hadi katika faili la aina ya MP4 ambalo karibu kila chombo hulisoma, simu na kompyuta na televisheni. Hakuipika upya picha yenyewe. Alibadilisha jungu tu. Kazi yote haikumaliza robo saa, na pesa aliyotutoza ilikuwa ndogo hata tukaona haya, tukamnunulia soda.

Jioni ile tulilichomeka faili jipya kwa flashi ya mpwa wangu katika king'amuzi cha Kangemi, kile kile chenye programu mpya, kwa mlango ule ule wa nyuma. Baba akatokea. Nakala nyingine nililichukua faili hilo nyumbani kwangu, na nyingine ikaenda Kakamega kwa dada yangu. Diski ya asili mama alikataa kuiweka sandukuni. Ikabaki mahali pake ubavuni mwa king'amuzi. Kila mashine ilipowashwa iliuliza swali lake, naye alishusha rangi ya manjano hadi penye Hapana, akabonyeza, kwa utulivu wa mtu anayefukuza kuku mlangoni.

Katika dakika ya nne ya mahojiano baba anautaja mwaka aliofika Nairobi. Mama anasema si kweli, alifika mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfungia mzigo wa safari. Humwambia hivyo kila Jumapili, na baba hucheka kidogo, akaendelea na habari za suti.